Winchester ya zamani: kwa nini wenyewe wanakataa kuing'arisha

Mwaka 1876, huko Maniema, Henry Morton Stanley alijivuna mbele ya Tippu Tip kwamba iko na bunduki inayotoa risasi 15. Tippu Tip akauliza kama zinatoka kwa mtutu mmoja ao mitutu mingi. Akajibiwa mmoja tu. Basi aipige, watu waone. Stanley akakatala, akasema heri alipe pesa kuliko kuipiga bure. Tippu Tip akaona huyu mzungu anasema uongo, naye akamjibu kwa hadithi yake: kuna mahali watu wako na upinde unaotupa mishale 20 mara moja, na kila mshale unaua mtu. Hapo Stanley alitoka nje akaipiga mara 12, kisha akachukua bastola akapiga 6.

Kisa hiki hakikuandikwa na mzungu. Ni Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed, aliyekisimulia kwa Kiswahili katika habari za maisha yake. Msafara wa Stanley ulitoka Nyangwe mwezi wa 11 mwaka ule kufuata mto mpaka Boma, na silaha zake zilikuwa hasa Snider na Winchester. Snider inapiga moja, unajaza tena. Winchester njo ile ya kurudia-rudia iliyomshangaza Tippu Tip.

Leo, Winchester za miaka hiyo ni kitu ambacho maelfu ya watu Marekani wanakusanya, wanachunguza kwa kioo cha kukuza, na siku ya mapumziko wanazipeleka uwanjani kuzipiga. Kwa mtu wa Mashariki ya Kongo, ambaye neno bunduki linamkumbusha kukimbia na mtoto mgongoni, mapenzi hayo yanaweza kuonekana ya ajabu. Lakini ukiwasikiliza wakusanyaji wenyewe, mara nyingi wanazungumza kidogo tu juu ya risasi. Wanazungumza juu ya namba, karatasi na kutu.

Inavyofanya kazi

Chini ya bunduki hii, nyuma ya kifyatulio, kuna chuma chenye tundu la kuingiza vidole. Huo ndio wenzo. Fundi wa gari angesema leviye. Ukiusukuma chini, ganda tupu linaruka nje, nyundo inavutwa nyuma, na risasi mpya inapanda kutoka kwenye bomba lililolala chini ya mtutu. Ukiurudisha juu, risasi inaingia mahali pake na mlango unafungwa. Mkono hautoki kwenye bunduki. Kwa mtu aliyezoea gobori, linalojazwa kwa mdomo baruti, kitambaa na risasi, kisha kusindiliwa kwa fimbo, hiyo ilikuwa sawa na uchawi.

Haikuvumbuliwa siku moja. Walter Hunt alijaribu mwaka 1848, bunduki yake ikawa nzito kwa akili na nyepesi kwa nguvu. Horace Smith na Daniel Wesson, ambao majina yao yalikuja kujulikana kwa bastola, waliitengeneza upya. Kisha Oliver Winchester, mtu aliyepata mali yake kwa kushona mashati New Haven, jimbo la Connecticut, akaweka pesa zake humo. Fundi wake Benjamin Tyler Henry alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1860, na bunduki ya Henry ikabeba risasi 16 ndani ya bomba. Mwaka 1866 ikaongezwa kijimlango cha kujazia ubavuni, na mwili wake ukatengenezwa kwa madini ya rangi ya shaba ya njano. Mwaka 1873 ikaja ya chuma, yenye risasi ya 44-40, na ya mtutu mrefu ilibeba 15, namba ileile aliyotaja Tippu Tip. Ya 1873 peke yake zilitengenezwa zaidi ya 700.000.

Mwaka mmoja, mikono tofauti

Wauzaji wa zamani waliipa Winchester sifa ya kwamba ndiyo iliyoshinda Magharibi ya Marekani. Sifa hiyo ilikuwa ya biashara, na ukweli unaivuruga sana. Tarehe 25 mwezi wa 6, 1876, miezi michache tu mbele ya Stanley kuondoka Nyangwe, jeshi la Marekani chini ya Custer lilipigana na Lakota na Cheyenne kwenye mto Little Bighorn, huko Montana. Custer alikufa na zaidi ya askari 200. Askari walikuwa na Springfield zinazopiga risasi moja-moja. Waliokuwa na Henry na Winchester ni wenyeji.

Hilo halikuthibitishwa kwa hadithi tu. Moto ulichoma majani ya uwanja ule mwaka 1983, na mwaka uliofuata wanaakiolojia wakaingia na vyombo vya kutafuta chuma. Waliokota maganda ya risasi, wakaangalia alama ambayo pini ya kila bunduki iliacha nyuma ya ganda. Alama hiyo ni sawa na kidole cha mtu, haifanani na nyingine. Wakaweza kusema: bunduki hii ilipiga hapa, kisha ikasogea, ikapiga kule. Bunduki nyingi za wenzo zilionekana namna hiyo.

Kwa hiyo bunduki moja, mwaka mmoja, ilikuwa Maniema mikononi mwa mtu aliyekuwa akifungulia wengine njia ya kuja kutwaa nchi, na Montana mikononi mwa watu waliokuwa wakilinda nchi yao. Chuma chenyewe hakisemi kilikuwa upande gani. Hapo ndipo kazi ya mkusanyaji inaanzia, na hapo pia waongo wanapata chakula.

Karatasi ni nusu ya bei

Uongo unaojulikana sana ni wa misumari. Wenyeji wa Marekani wakati mwingine walipamba kitako cha bunduki kwa misumari ya shaba yenye kichwa cha mviringo. Basi mtu ananunua Winchester iliyochakaa, anagongomea misumari, anafunga kipande cha ngozi, kesho anaiuza kama bunduki ya shujaa wa Lakota. Kuna wanaochora maua mapya kwenye chuma cha zamani. Kuna wanaobadilisha mtutu mbovu kwa mtutu wa bunduki nyingine. Mnunuzi mwenye akili anaangalia kama kutu iliyo chini ya msumari inalingana na umri wa mti, kama vichwa vya skurubu vimeharibiwa na bisibisi, kama namba imefutwa na kugongwa tena.

Namba njo mlango wa kila kitu. Vitabu vya kiwanda cha Winchester, au sehemu yake iliyobaki, vinatunzwa Cody, jimbo la Wyoming, katika jumba la makumbusho ya silaha. Mwenye bunduki anapeleka namba, anapewa barua: ilitoka kiwandani siku gani, na mtutu wa aina gani, kitako cha mti gani. Kama barua inasema mtutu wa duara na bunduki iko na mtutu wa pembe nane, kuna jambo. Vitabu havikamiliki, vya aina ya 1894, kwa mufano, vinaishia namba 353.999, wakati zilitengenezwa zaidi ya milioni 7. Na hata pale vilipo, mara nyingi havisemi ni nani aliyenunua.

Bei ya juu inafuata ushahidi, haifuati chuma. Mwaka 2016, Winchester ya aina ya 1886 iliuzwa kwa mnada kwa dola 1.265.000. Ilikuwa namba 1, ya kwanza kabisa ya aina yake, na ilipewa kapteni Henry Lawton, ofisa aliyehusika na kujisalimisha kwa Geronimo, kiongozi wa Apache. Jina lake limeandikwa kwenye bunduki. Ndugu yake mwenye namba kubwa na asiye na jina angeuzwa bei ya pikipiki ao gari kuukuu.

Njo maana wenyewe hawaisugui. Mtu anayeona bunduki nyeusi yenye kutu ya kahawia anafikiri msasa, mafuta na vernisi. Akifanya hivyo amefuta sehemu ya thamani yake kwa saa moja, maana amefuta ushahidi. Mwaka 2014 wafanyakazi wa mbuga ya Great Basin, jimbo la Nevada, walikuta Winchester ya 1873 imeegemea mti wa mreteni, kitako kimepasuka, kimezama ardhini kidogo, rangi yake imekuwa sawa na ya mti wenyewe. Namba ilionyesha ilitoka kiwandani mwaka 1882. Ilipelekwa Cody. Mafundi wa pale hawakuirudishia upya wake; waliimarisha mti usiendelee kubomoka, basi. Walipoipiga picha ya eksirei waliona risasi moja imebaki ndani ya kitako. Nani aliiegemeza pale na kwa nini hakurudi, hakuna karatasi inayosema. Ingesuguliwa, ingekuwa Winchester kuukuu kati ya laki saba.

Kuipiga bila kupoteza jicho

Wengine hawaridhiki kuangalia. Wanataka kusikia mlio wake. Hapa mkusanyaji mzoefu anageuka kuwa mtu wa hofu, na ana haki.

Bunduki za kabla ya miaka ya 1890 zilitengenezwa kwa baruti nyeusi, ile ya moshi mwingi. Mlango wa 1866 na wa 1873 unafungwa na viungo viwili vinavyonyooka kama goti. Goti hilo linatosha kwa msukumo wa baruti nyeusi. Baruti ya kisasa isiyo na moshi inaweza kuleta msukumo mkubwa kuliko huo. Mtu akitia masasi ya kisasa yenye nguvu, mtambo unaweza kufunguka mbele ya uso wake. John Browning, fundi wa Utah, njo aliyeleta mitambo yenye nguvu zaidi, ya 1886, 1892 na 1894. Hiyo ya 1894 ikafuatiwa na risasi ya 30-30 ya baruti mpya, na wawindaji wa kulungu wanaitumia mpaka leo.

Hatari nyingine iko ndani ya bomba. Risasi zinalala moja nyuma ya nyingine, pua ya hii inagusa fataki ya ile. Pua ikiwa kali, mshtuko wa kupiga unaweza kuifanya igonge fataki mbele yake, na bomba lote kulipuka chini ya mkono wa kushoto. Kwa hiyo risasi za bunduki hizi ziko na pua bapa. Siku hizi kuna zenye ncha laini kama mpira. Aina ya 1895 ilikwepa shida hiyo kwa kuweka risasi ndani ya sanduku. Ndiyo aliyobeba Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda Afrika mwaka 1909 na 1910, kutoka Kenya na Uganda mpaka Lado kando ya Nile.

Na kuna zile ambazo hazipigwi kabisa. Risasi za Henry na za 1866, zenye fataki kwenye ukingo wa ganda, ziliacha kutengenezwa zamani. Anayetaka kupiga ananunua nakala, nyingi kutoka Italia, na ya kweli inabaki ukutani.

Wapigaji hao wako na michezo yao. Tangu miaka ya 1980 kuna mashindano ambamo watu wanavaa kofia na buti za karne ya 19, kila mmoja anajipa jina la bandia, na wanapiga sahani za chuma kwa bastola mbili, bunduki ya wenzo na ya marisau. Saa inapimwa. Risasi lazima ziwe za risasi tupu, yaani madini laini, ili zisirudi kwa mpigaji. Ukiangalia kutoka mbali inafanana na watoto wakubwa wanaocheza sinema, na wao wenyewe wanakubali hivyo.

Sheria nayo imeweka mpaka. Kwa sheria ya Marekani ya 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 ao mbele ya hapo inahesabiwa kuwa kitu cha kale, na serikali kuu haiifuatilii kama silaha nyingine, ingawa majimbo yanaweza kuwa na masharti yao. Kwa hiyo Winchester mbili za 1894, pacha kabisa, moja ya mwisho wa 1898 na moja ya mwanzo wa 1899, ziko pande mbili za sheria. Namba tu njo inazitenganisha.

Aliyepiga baruti nyeusi halali kabla ya kusafisha. Masizi yake yanavuta maji ya hewa, na asubuhi mtutu umeshaanza kula kutu. Dawa ni ileile ya mwaka 1873: maji moto na sabuni ndani ya mtutu, kitambaa mpaka kitoke kikavu, kisha mafuta kidogo. Nje haiguswi.