Miwani ya Jua: Weusi wa Kioo Si Kinga



Kando ya foleni za malori na kwenye vituo vya bodaboda, miwani ya jua ni bidhaa isiyokosekana. Mwendesha bodaboda huihitaji dhidi ya vumbi na mwanga mkali. Dereva wa lori huihitaji anapolielekea jua la alasiri. Hata hivyo, wanunuzi wengi huchagua kwa kutazama weusi wa kioo tu, wakidhani kwamba kilicho cheusi zaidi ndicho kinachokinga zaidi. Dhana hiyo ni ya hatari.

Miongoni mwa vinavyolidhuru jicho ni mionzi ya urujuanimno, ambayo haionekani. Mtu anayepigwa nayo kwa miaka mingi huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata mtoto wa jicho. Kinachoizuia ni namna kioo kilivyotengenezwa, wala si rangi yake. Tena, nyuma ya kioo cheusi mboni hutanuka ili kutafuta mwanga. Kioo hicho kisipozuia mionzi, jicho huwa limeifungulia mlango.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-1 huigawa miwani ya jua katika madaraja matano, kuanzia 0 hadi 4, kulingana na mwanga unaopita. Daraja la 3, linalofaa kwa jua kali, hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga. Daraja la 4 hupitisha asilimia 3 hadi 8 tu, na halifai kabisa kuendeshea chombo cha moto, hata mchana. Aidha, kioo kinachopitisha chini ya asilimia 75 hakifai kuendeshea wakati wa magharibi wala usiku. Mwendeshaji anayebaki na miwani myeusi jua likishatua huenda asimwone mtembea kwa miguu mpaka awe amemkaribia mno. Wala miwani ya jua ya daraja lolote haifai kulitazama jua moja kwa moja, hata wakati wa kupatwa kwake.

Kabla ya kununua, zingatia haya:

1. Tafuta namba ya daraja na maandishi UV400, yaani kioo kinazuia mionzi hadi nanometa 400.
2. Kwa kuwa lebo huweza kughushiwa, omba miwani ipimwe kwa mtaalamu wa macho mwenye kifaa cha kupimia mionzi.
3. Ishike miwani mbali na uso, utazame mhimili wa mlango kupitia kioo huku ukiisogeza polepole. Mhimili ukionekana kupinda, kioo kina kasoro.
4. Usiku, ivue.

Maofisa wa Shirika la Viwango la Taifa la Uganda, UNBS, hukagua bidhaa kwenye vituo vya mpakani. Shehena inayopitishwa njia za panya hukwepa ukaguzi huo, na anayelipa gharama ni mnunuzi, kwa macho yake. Mfanyabiashara, pitisha bidhaa zako kituoni na utunze stakabadhi zake. Nawe mwananchi, ukishuku kuwa bidhaa ni ghushi, toa taarifa kwa maofisa wa viwango au kituo cha polisi kilicho karibu nawe.

Usalama barabarani huanza na jicho linaloona.