Mzingo na Nusukipenyo: Istilahi Mbili za Jiometri ya Mifereji

Mji wa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, umo katika uwanda wa juu ambao sehemu ya maji yake ya mvua huteremkia bonde la Wembere. Mpimaji wa mifereji katika miteremko ya namna hiyo huhitaji vipimo vitatu: eneo la mkato wa maji, urefu wa mstari ambapo maji hugusa kuta na sakafu, na matokeo ya kugawanya eneo hilo kwa mstari huo. Pamoja na mteremko na ukwaruzi, kipimo cha tatu ndicho kinachoamua kasi ya maji.

Mfasiri akiuita mstari huo "mzingo", atapotosha. Mzingo wa hisabati za shule ya msingi huzunguka umbo zima, ilhali hapa uso wa maji hauhesabiwi. Mfereji wa mstatili wenye upana wa meta 2 na kina cha maji cha meta 1 una mstari wa meta 4, si 6. Kipimo cha tatu ni meta 0.5, si 0.33.

Kipimo hicho nacho, kwa kuiga lugha za Ulaya, huweza kuitwa "nusukipenyo". Kalvati la mviringo lililojaa, lenye kipenyo cha meta 1, lina nusukipenyo cha meta 0.5, lakini kipimo chenyewe ni 0.25. Atakayechanganya viwili hivyo atalidhania kalvati kuwa na uwezo lisio nao, na maji yatapita juu ya barabara.

Kwa hiyo "mpaka oevu" na "uwiano wa mkato na mpaka" ni istilahi zifaazo zaidi.