Fahamu: Uanzie wapi kusoma katuni za Barly Baruti

Anayetaka kuvisoma vitabu vya katuni vya Barly Baruti, mchoraji mzaliwa wa Kisangani, aanze na Madame Livingstone cha mwaka 2014, kilichoandikwa na Christophe Cassiau-Haurie. Wapo watakaoshika miaka ya uchapishaji, watangulize Eva K. ya miaka ya 1990. Utaratibu huo unafaa ndani ya mfululizo mmoja. Lakini hapa wahusika hawahami kutoka kitabu hadi kitabu, kinachoviunganisha ni mkono wa mchoraji. Madame Livingstone kinamkuta msomaji wa Goma nyumbani kwake: ofisa Mbelgiji anatumwa Ziwa Tanganyika kuizamisha Graf von Götzen, meli ya mvuke iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini 1915. Jina la meli hiyo ni la Mjerumani aliyeupanda mlima wetu Nyiragongo mwaka 1894! Pingamizi zito zaidi ni kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia tutaviona kwa macho ya mkoloni. Sikubali, kwa kuwa anayekibeba kitabu ni Mwafrika anayemwongoza ofisa huyo, mvaa sketi ya Kiskoti anayesemekana kuwa mwana wa mpelelezi Livingstone. Kisha kifuate Le Singe jaune cha 2018, kazi ya wawili hao hao.