Mikono ya Mama na Mkanda wa Gari



Hivi karibuni nilisafiri kwa matatu kutoka Mombasa kuelekea Kilifi. Kando yangu aliketi mama kijana, amempakata mwanawe wa kiasi cha mwaka mmoja. Mkanda ulikuwa ukining'inia ubavuni. Nilipomnasihi ajifunge, alitabasamu akasema: "Usihofu, maalim. Nimemshika vyema."

Sina shaka na mapenzi ya mama yule. Lakini gari linaposimama ghafla, mapenzi peke yake hayatoshi, na yafaa tujue kwa nini.

Kitu kilicho katika mwendo hakisimami chenyewe. Huendelea kwa kasi ile ile na kwa njia iliyonyooka, mpaka kipatwe na nguvu ya kukizuia au kukigeuza. Mpira wa watoto husimama uwanjani kwa sababu nyasi na mchanga huukwaza. Wanazuoni wetu walilitafakari jambo hili zamani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza kuwa kitu kilichorushwa hupewa na mrushaji mwelekeo, aliouita mayl, nao hauondoki ila kwa kuzuiliwa na kitu cha nje. Isaac Newton wa Uingereza akaja kuiweka kanuni ya mwendo katika kitabu alichokichapisha 1687.

Sasa turejee garini. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, nawe na mwanao mwaenda kasi hiyo hiyo, ijapokuwa mwajiona mmetulia. Gari likigonga, linalosimama ni gari. Mtoto bado yumo safarini. Ili naye asimame, lazima azuiwe na kitu: mkanda, mikono, au kioo cha mbele.

Tupige hesabu. Mtoto wa kilo 10, akisimamishwa kutoka kasi hiyo kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, huhitaji nguvu sawa na ya kubeba kilo 140, karibu mifuko mitatu ya saruji. Ni mama gani awezaye kuikamata mifuko hiyo ikimponyoka ghafla? Na kasi ikifika 100, nishati ya mgongano haiwi mara mbili, bali mara nne.

Kwa hiyo, mama, jifunge wewe kwanza, kwani asiyejifunga humwangukia mwanawe kwa uzito wake wote. Usimtie mtoto ndani ya mkanda wako, kwa kuwa mwili wako utamkandamiza. Mwenye gari lake na anunue kiti maalumu cha mtoto, akifunge nyuma. Katika matatu, mtoto mkubwa alipiwe kiti chake na afungwe mkanda. Na dereva akikimbiza gari, abiria wasinyamaze. Kasi ikipungua, kila nguvu niliyoitaja hupungua.

Wako wasemao: ajali ni kadari. Naam, lakini Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu.

Mama yule alijifunga kabla hatujafika Mtwapa. Kisha akapaza sauti, akamwomba dereva apunguze mwendo, nasi sote tukamuunga mkono.