Watu Hutafutaje Habari? Sehemu ya Tatu: Uliza Kisa

Juma lililopita tuliishia kwenye hojaji, zile karatasi za maswali ambazo wanafunzi wa vyuo vya hapa Thika huzigawa wakifika mwaka wa mwisho. Sina ugomvi na hojaji. Ila muulize kondakta katika steji ya Makongeni hupata habari wapi: atatia alama kwenye redio, simu na gazeti, halafu arudi kuita abiria. Amekujibu vizuri, na hujajua lolote.

Mgeuzie swali: mara ya mwisho ulipokwama kwa kutojua jambo, ilikuwaje? Tuseme anayejibu ni mama wa mtaa wa Kiandutu aliyekuwa akimtafutia mwanawe basari. Jirani alimdokezea kwenye foleni ya maji kwamba fomu zimetoka. Akampigia shemejiye, shemeji akamtuma kwa mzee wa nyumba kumi, mzee akamwelekeza ofisini. Alipofika, siku ya mwisho ilikuwa imepita jana yake. Tangazo lilikuwa limekaa ukutani majuma mawili. Sasa fungua hojaji yako unionyeshe kisanduku cha foleni ya maji.

Njia hii ya kuuliza visa aliieleza mwanasaikolojia Mmarekani John Flanagan mwaka 1954, nayo ilikua kutokana na kazi yake na marubani wa kijeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Brenda Dervin, naye Mmarekani, alikuja baadaye na mbinu yenye undugu na hiyo: muulizaji humrudisha msimulizi hatua kwa hatua, akimuuliza ni wapi alikwama, na nini kilimvusha.

Visa navyo vina hila zake. Kumbukumbu hupunguza na kuongeza, na yapo ambayo mtu hayasemi. Elfreda Chatman, aliyewachunguza wasafishaji wa chuo kikuu huko Marekani, aliona kwamba watu huficha shida hata kwa wanaoweza kuwafaa. Hata hapa kwetu, mwanachama wa chama cha akiba atakueleza ya basari. Ya mkopo uliomshinda atayameza.

Kisha kuna suala la nani utamkuta umuulize. Chukua mji wa Ruiru. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini humo, karibu mara mbili ya Thika yenye 251,407. Mtafiti anaiona idadi hiyo, anafurahi, anapanda matatu Jumanne saa nne asubuhi na kwenda kubisha hodi katika mtaa wa Kihunguro. Anaowakuta ni akina mama wenye watoto wachanga, keateka wa ploti, na soja wa zamu ya usiku anayeamka kwa hasira. Wengi wa majirani zao walishaondoka alfajiri kuelekea Nairobi. Kisha anaandika kwamba "wakazi wa Ruiru" hutegemea majirani kwa habari, kumbe amewasikia wanaoshinda nyumbani tu.

Mimi hupendelea Jumapili alasiri, nguo zikiwa kambani na watu uani. Na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kiwe mfukoni, maana keateka atakiulizia kabla hujamsalimu mpangaji wa kwanza. Namna ya kukipata ni habari ya juma lijalo.