SIKIO LA RUBANI NA SIKIO LAKO

Ndugu mfanyakazi, umekwisha kusikia kwamba rubani anaweza kupasuliwa sikio, kisha akarudi kuendesha ndege? Ni kweli. Soma mpaka mwisho, maana jambo hili linakuhusu wewe na jamaa yako.

Ndani ya sikio mna mifupa mitatu inayopokezana sauti. Wa mwisho ni mdogo kuliko mifupa yote ya mwili: una kama milimita 3 tu. Kwa watu wengine mfupa huo hukazwa na mfupa mgeni unaoota kando yake. Hauchezi tena, na mtu anaanza kuwa kiziwi polepole. Mwaka 1956, huko Memphis, Marekani, Munganga John Shea aliutoa mfupa wa namna hiyo, akatia wa plastiki mahali pake. Mgonjwa akasikia.

Lakini rubani aliyepasuliwa hivyo harudi kazini mara moja. Ndege ikipanda au ikishuka, nguvu ya hewa hubadilika na kusukuma sikio. Kidonda kisipopona vizuri, maji ya ndani ya sikio yanaweza kuvuja, na kizunguzungu kikamshika angani. Kwanza waganga wampime, ndipo aruhusiwe.

Sasa, wewe wa mgodini. Kelele za mashini ya kutoboa mawe hazikazi mfupa. Zinaua vinyweleo vidogo vilivyo ndani kabisa ya sikio, na kisu cha munganga hakiwezi kuvirudisha. Decibel 85 kwa saa 8 ni hatari tayari. Mashini hiyo hupita 100.

Kwa hiyo:

1. Vaa vizibo vya masikio tangu kelele zinapoanza, si baadaye. Vikiharibika, mwombe sefu vingine.

2. Jipime nyumbani. Huko Marekani, njia moja ya kumpima rubani ni hii: chumba kiwe kimya, msemaji asimame nyuma yake, karibu mita 2, aseme kwa sauti ya kawaida. Mama anaweza kukupima vilevile. Usiposikia vizuri, nenda hospitali.

3. Ukipasuliwa sikio, usishuke shimoni mpaka munganga wa kazi akuruhusu. Huko pia nguvu ya hewa hubadilika.

Nawe mama, ukiona bwana anafungulia redio kwa nguvu kuliko zamani, usimcheke. Mpeleke apimwe.

Mfupa unaweza kubadilishwa. Sikio lililouawa na kelele halifufuki. LINDA MASIKIO YAKO!