Paka wa Sokoke na Siri ya Mbegu

Siku moja tulikuwa darasani tukisoma habari za ufugaji bora. Tulizungumza juu ya ng'ombe wa maziwa, beberu wa mbegu na kuku wa kisasa. Mama mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, na paka je? Naye ana mbegu?" Darasa zima likacheka. Lakini swali lile lilikuwa zuri, nami siku ile sikuwa na jibu la kutosha. Nikaenda kusoma.

Ndiyo, paka naye ana mbegu. Tena mbegu mojawapo iliyo adimu sana duniani imetoka hapa hapa Afrika ya Mashariki, katika pwani ya Kenya. Inaitwa Sokoke.

Ukitoka Kilifi kwenda Malindi kwa barabara, upande wa kushoto utauona msitu mkubwa. Huo ni msitu wa Arabuko-Sokoke. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 420 hivi. Wengi wanaoishi kandokando yake ni Wagiriama, watu wa mahindi, mihogo, minazi na mikorosho. Paka wao ni kama paka wetu. Hapikiwi chakula chake peke yake. Anakamata panya, na usiku wa baridi analala karibu na mafiga.

Baadhi ya paka hao wana manyoya ya namna yake. Rangi ni ya kahawia, na juu yake kuna mabaka makubwa meusi-meusi yaliyojipinda. Ukimtazama akiwa ametulia juu ya tawi, unaweza kudhani ni gome la mti. Wafugaji wameandika kwamba Wagiriama humwita kadzonzo, na kwamba jina hilo linatokana na kufanana huko na gome. Paka huyu ni mwembamba, miguu yake ni mirefu, na ya nyuma imeizidi ya mbele. Kwa hiyo akitembea ni kama mtu anayenyata.

Mwaka 1978, mama mmoja wa Kenya aitwaye Jeni Slater aliwakuta watoto wa paka wa namna hiyo katika shamba lake la minazi. Akachukua dume na jike akawalea. Walipokua walizaa, na watoto wao wakawa na mabaka yale yale. Mwaka 1984 rafiki yake, Gloria Moeldrup, aliwachukua paka wawili akawapeleka kwao Denmark, nchi ya baridi kule kaskazini ya Ulaya. Mwaka 1993 shirikisho kubwa la vyama vya wafugaji wa paka huko Ulaya likaikubali Sokoke kuwa mbegu kamili. Wengine walifikiri paka huyu ni nusu mnyama wa porini. Wataalamu walipopima damu yake wakaona sivyo. Ni paka wa nyumbani, ndugu wa paka wa pwani yetu.

Sasa tuulize, "mbegu" ni nini hasa?

Wewe mfugaji unajua. Ukisema mbuzi huyu ni wa mbegu fulani, maana yake ukimpandisha kwa mwenziwe wa mbegu hiyo, utapata watoto wanaofanana nao, na wajukuu vile vile. Tena kuna daftari. Baba wa mnyama anajulikana, mama anajulikana, na wazee wao wameandikwa. Bila daftari hakuna mbegu, kuna mnyama mzuri tu.

Kwa ng'ombe na mbwa kazi hii ni ya zamani. Kwa paka ni ya juzi tu. Paka ameishi na binadamu muda mrefu mno. Katika kisiwa cha Saiprasi limefukuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi ambamo mtu amezikwa na paka kando yake. Lakini miaka yote hiyo watu hawakumbadilisha sana. Mbwa alichaguliwa huyu awinde, huyu alinde, huyu achunge. Paka kazi yake ilikuwa moja, kuua panya, na hiyo anaijua bila kufundishwa. Alijitafutia mke mwenyewe, usiku, kwa makelele tunayoyajua. Maonyesho makubwa ya kwanza ya paka yalifanyika London mwaka 1871. Tangu hapo ndipo watu wakaanza kuandika madaftari ya paka na kushindania vikombe.

Turudi kwa mabaka yetu. Hapa ndipo penye siri, na naomba tusome polepole.

Kila mtoto wa paka hupokea maagizo mawili juu ya mabaka yake. Moja latoka kwa baba, moja kwa mama. Wataalamu huyaita maagizo hayo jeni. Agizo la michirizi myembamba, ile ya paka wengi wa kijijini, lina nguvu. Agizo la mabaka makubwa ni nyonge. Yakikutana yote mawili katika mtoto mmoja, huyo mtoto ataonekana na michirizi. Agizo la mabaka limejificha ndani yake, halikupotea. Siku akikutana na mwenziwe aliyelificha vile vile, mtoto mmoja kati ya wanne, kwa wastani, atatoka na mabaka. Watu watasema, "Ajabu! Kamfuata nani?" Kumbe kawafuata wote wawili.

Basi mtu akitaka mabaka yaonekane kila mara, njia ya mkato ni ipi? Ni kupandisha ndugu kwa ndugu, au baba kwa binti. Hao wana maagizo yanayofanana, na yaliyojificha hukutana upesi. Mbegu nyingi za paka, na za mifugo mingine, zilianza hivyo.

Lakini hayajifichi mabaka peke yake. Magonjwa mengi nayo yako hivyo hivyo. Mnyama mzima mwenye afya anaweza kubeba agizo baya asidhurike, maana lile zuri alilopata kwa mzazi wa pili linamlinda. Mpandishe kwa dada yake, na mabaya mawili yanaweza kukutana. Hapo utaona watoto wachache, wanaozaliwa dhaifu, wanaokufa mapema, au wasiozaa. Njia ile ile iliyoleta uzuri ndiyo inayoleta udhaifu. Haiwezekani kuita kimoja na kukizuia cha pili.

Nasema haya juu ya paka, lakini mimi nafikiria mabanda ya mbuzi ninayoyapita kila wiki. Beberu mmoja yumo zizini miaka mitano, anawapanda mabinti zake, kisha mabinti wa mabinti zake. Mwenyewe analalamika kwamba mbuzi wanazidi kuwa wadogo, anasingizia majani. Badilishaneni mabeberu mara kwa mara, kabla mabinti hawajakomaa. Haigharimu kitu.

Kuna mbegu nyingine za paka ambazo ubaya wake haukujificha hata kidogo. Mwaka 1961, katika shamba moja huko Scotland, alionekana paka mweupe aliyeitwa Susie. Masikio yake yalikuwa yamekunjwa kwenda mbele, uso ukaonekana wa duara kama bundi. Watu wakapendezwa, wakazalisha wengine. Baadaye ikajulikana kwamba sikio lile linakunjika kwa sababu gegedu, yaani kile kitu laini kama mfupa kilicho sikioni, ni bovu. Na gegedu haiko sikioni tu, iko katika viungo vyote. Paka hao hupata maumivu ya miguu na mkia, wengine tangu wadogo. Chama kikubwa cha paka cha Uingereza kiliacha kuwaandika tangu miaka ya 1970, na nchi ya Uholanzi imekataza kuwazalisha. Hata hivyo wako watu wanaowanunua mpaka leo, kwa sababu ya uso. Mimi hili silielewi.

Wengine wamekwenda mbali zaidi, wakachukua mnyama wa porini. Mondo unamjua, yule mwenye miguu mirefu, masikio makubwa na madoa, anayekuja kula kuku. Mwaka 1986, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, mondo dume alimpanda paka jike wa nyumbani. Akazaliwa chotara, na mbegu iliyotokana na machotara kama huyo ikaitwa Savannah. Madume wa vizazi vya kwanza hawazai, kama vile nyumbu wa kubeba mizigo, mtoto wa punda na farasi, asivyozaa. Chotara wa kizazi cha kwanza huuzwa kwa zaidi ya dola 10,000. Fedha hizo ni ng'ombe wengi! Lakini Australia ilikataza mbegu hiyo isiingie nchini mwaka 2008, kwa hofu kwamba paka wakubwa namna hiyo wakitoroka watamaliza wanyama wadogo wa nchi ile. Wenye kuku watakubaliana na serikali hiyo.

Sokoke hakutokana na mnyama wa porini, wala hana ulemavu unaosifiwa kuwa urembo. Shida yake ilikuwa ile ya kwanza. Paka waliofika Ulaya walikuwa wachache mno, na watoto wao wote wakawa jamaa wa karibu. Manyoya yake ni mafupi na mepesi, yamefaa joto la pwani, hayakufaa theluji. Wafugaji wakaona wazi kwamba wasipopata damu mpya mbegu itakwisha.

Damu hiyo wangeipata wapi? Katika maonyesho haikuwepo. Madukani haikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walirudi Kilifi, katika vijiji vya kando ya msitu, wakatafuta paka wengine wenye mabaka wasio jamaa wa wale wa Denmark. Wakawapata kwa wanakijiji, paka wa panya wa kila siku, ambao hakuna aliyewachagulia mume wala mke. Watoto wa paka hao wakaandikwa madaftarini Marekani na Ulaya, wakaoanishwa na wale wa zamani.

Mpaka leo Sokoke ni wachache, na watu wengi wanaopenda paka huko Ulaya hawajamwona hata mmoja. Mama yule wa darasani nimempelekea jibu nyumbani kwake. Paka wake ana michirizi myembamba. Anachobeba ndani hatujui, mpaka azae.